Ukoo Usiouza Ardhi

"Huyu alizama kwenye maji yasiyofika magotini," alisema Bwana Peregrine Averill, akigonga picha ukutani kwa fimbo yake. "Bwawa la mabata. Mabata wenyewe walikuwa wamesimama."

Mgeni wake, Bwana Crabtree mwenye kiwanda cha sabuni, hakucheka. Alikuwa amekuja kununua shamba lote la Averill, si kusikiliza habari za wafu. Lakini mabwana wa mashamba wa huku Uingereza ndivyo walivyo: hawakuuzii hata ndama kabla hujatambulishwa kwa mababu.

Wakapanda ngazi, babu baada ya babu.

"Na huyu?"

"Mfupa wa njiwa, kooni. Wiki ileile aliyotaka kuuza msitu. Yule wa bwawani alitaka kuuza kinu. Na huyu ndiye marehemu baba. Alikwisha kupatana na mtu bei ya malisho ya mtoni, akaanguka ngazini."

"Ngazi zipi?"

"Hizi unazokanyaga."

Crabtree akashika ubao wa kando ya ngazi kwa mikono yote miwili.

Peregrine alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Wanakijiji wanasema damu ya Averill haiuzi ardhi, hufa kwanza. Upuuzi mtupu! Mababu walikuwa walevi tu."

"Baba hakuwa mlevi," sauti ikatoka chini.

Alikuwa Winifred, dada yake, akipanga maua mezani. Alimtangulia Peregrine kwa miaka sita, akamfundisha kutembea na kupenga kamasi. Lakini ardhi ya huku haiulizi nani kaanza kuzaliwa. Inauliza nani kavaa suruali.

"Dada, usinitishie mgeni bwana!"

"Simtishi. Nasema tu hakuwa mlevi. Siku ile alikunywa maziwa."

Crabtree akazitazama tena picha. "Mbona wanaume watupu? Wanawake hamkuwa nao?"

"Walioolewa wako kwenye kuta za waume zao. Wasioolewa," Peregrine akamkonyeza, "hao ni kama viti. Nani anachora kiti?"

Winifred akakata shina la waridi kwa mkasi. "Shangazi aliyeikuta maiti ya yule wa bwawani aliishi miaka tisini," akasema. "Akitunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Umesikia, Crabtree? Viti vyetu ni vya mwaloni!"

Wakakubaliana kutia sahihi kesho yake mchana. Crabtree hakuficha kitu: msitu ungekatwa, jumba lingebomolewa, wapangaji wangetafuta pa kwenda. Peregrine angehamia London, karibu na meza zake za karata. Winifred angepangishiwa chumba mji wa mbali, chenye dirisha linalotazama ukuta. Kama si mauzo hayo, shamba lingemsubiri mrithi wa Peregrine, mtoto wa kiume wa binamu yao, ambaye bado ananyonya. Na anayenyonya hauzi msitu.

Mgeni alipoondoka, Winifred alimfuata ndugu yake sebuleni.

"Perry, mama kazikwa hapa. Akina Tapley wamelima hapa tangu enzi za babu. Wataenda wapi?"

"Wataenda watu wanakokwendaga."

"Nakuomba mara ya mwisho."

"Na mimi nakujibu mara ya mwisho, dada. Nauza. Labda nife kwanza."

"Haya," Winifred akasema.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya bustani. Winifred alitokea mlango wa nyuma, amevaa nyeusi kutoka shingoni hadi kwenye visigino, macho yamevimba kwa kulia. Mkononi alishika ufunguo wa mlango mkubwa na furushi la vitambaa vyeusi. Mzee Tapley, mpangaji wao, alikuwa akipita na toroli. Alipomwona anaelekea kwenye mizinga ya nyuki, akavua kofia, akainamisha kichwa. Hakuna asiyejua maana yake: bwana wa nyumba akifa, nyuki wake lazima waambiwe. Wasipoambiwa hususa, wakahama, na baraka ya nyumba ikahama nao.

Akagonga mzinga wa kwanza kwa ufunguo.

"Nyuki wadogo, bwana wenu Peregrine amefariki. Msituhame. Mmepata bwana mwingine, bado mchanga, mvumilieni."

Ndani kukavuma. Akaufunga kitambaa cheusi, akaenda wa pili, na uliofuata, mpaka wa mwisho. Kisha akajifuta machozi, akakung'uta umande kwenye pindo la gauni, akaingia ndani.

Peregrine akainua uso kutoka kwenye yai lake.

"Khaa! Dada, weusi wote huo asubuhi asubuhi! Nani kafa?"

Winifred akammiminia chai. Akaitia sukari nyingi, kama alivyoipenda tangu utotoni, akaikoroga taratibu mpaka chini.

"Kunywa kwanza, mdogo wangu," akasema. "Inapoa."