Ndala za Bafuni

Siwatu na mwanawe walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia kuitazama nyumba. Dalali Shomvi hakuvua ndala zake za mpira. Alikwenda nazo moja kwa moja hadi bafuni, akafungua bomba.

"Hapa maji hayakatiki, dada yangu."

Bomba lile lilikuwa likipiga shoti ya umeme. Mpangaji aliyepita alitolewa humo akiwa amefunikwa shuka. "Fundi nitamwita," mwenye nyumba alikuwa amemwambia Shomvi. "Mpangaji mpya asipouliza, usiseme."

Siwatu aliuliza habari za majirani na za kunguni. Kisha akasema, "Nimeipenda, kaka. Tunahamia leo."

Shomvi alitaka kusema, lakini mwenye nyumba yule alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kupangisha. Akavua ndala, akaziweka mlangoni mwa bafu.

"Mkiingia humu vaeni hizi. Sakafu ina baridi."

Siwatu akacheka, akashukuru.

Shomvi akatoka peku, mchanga ukimuunguza nyayo. Hajafika mbali akasikia sauti ya mtoto ndani: "Mama, naenda kunawa miguu."

Akageuka. Kupitia mlango uliobaki wazi aliziona ndala, pale pale alipoziacha.