Mstari Mwekundu wa Mlangoni

Mama alikifunga kichwa cha cherehani mgongoni kwa shuka, kama mtoto mchanga, akatoka kwa mlango wa nyuma. Bintiye alikuwa anaoga. Maji yaliponyamaza bafuni, mama alikuwa amesharudi, mgongo mtupu, anamenya viazi kama mtu ambaye hajainuka. Mezani, chini ya kifuniko cha cherehani, alikuwa amesimamisha sufuria.

"Mbona unahema, mama? Na wewe umeanza mbio?"

"Nahema kwa ajili yako."

Kweli yenyewe aliificha. Binti yule alikuwa msusi, na jambo likimfikia yeye, saluni nzima imeshalijua. Mdomo wake haukuwa na geti, na sasa alikuwa na simu ya kuusaidia. Wenye mabinti wanajua.

Mambo yalianza na presha. Nesi wa nyumba ya mbele, shoga wa mama wa miaka mingi, alimpima binti akakunja uso. "Wewe si ndiye uliyekuwa unawaacha wavulana nyuma shuleni? Leo kupanda ngazi tu unatweta kama jogoo aliyekimbizwa. Rudi kwenye mbio, mwanangu, usije ukamwachia mama yako kilio."

Binti akarudi. Akaweka kwenye simu programu ya kumpimia mwendo. Kila alfajiri, mama akiwa ameshakwenda kufagia ofisi za watu, yeye alifunga mlango, akabonyeza simu, akakimbia. Simu ilimsifu kwa sauti nyororo kuliko ya mchumba. Na kweli, kiuno kikaanza kuonekana, presha ikashuka. Mama akamshukuru Mungu.

Mpaka jioni ile binti alipomletea simu. "Mama, ona nilikopita leo!"

Kwenye ramani ya simu, mstari mwekundu ulizunguka mitaa, ukarudi ulikoanzia. Mama akaweka kidole pale.

"Hapa ni wapi?"

"Mlangoni kwetu."

"Na nani mwingine anauona?"

"Kila mtu! Ndiyo raha yake. Wananipa makopa, wananitia moyo."

Mama akavaa miwani. Chini ya makopa, mtu asiye na picha alikuwa ameuliza: "Hongera dada. Ukitoka hivyo, nyumba anabaki nayo nani?" Na binti alikuwa amejibu, tena kwa kicheko: "Paka!"

"Mwanangu, hata paka hatuna."

"Utani tu, mama."

"Mwizi hana utani. Umemchorea njia, umempa saa, umemwambia tunalindwa na paka. Umebakiza kumwachia ufunguo."

Nyumba ile ilikuwa na kitu kimoja tu cha kuibwa, nacho ni cherehani. Ndiyo iliyowalisha tangu baba alipofariki. Na safari hii, kwa mara ya kwanza, shule nzima ilikuwa imempa mama kazi ya kushona sare, vitambaa vimejaa mpaka chini ya kitanda. Cherehani ikiondoka, kazi imeondoka, na kodi ya nyumba hailipwi kwa vitambaa.

Mama akapiga marufuku mbio. Binti akavuta midomo. "Nikiacha, presha itarudi. Bora upi, kuibiwa au kunizika?"

Mama akaacha mbio ziendelee. Kesho yake ndipo alipoanza mambo ya shuka. Mchana, binti akiwa saluni, alishona. Jioni alikifungua kichwa cha cherehani, akakibeba.

Binti naye hakukaa bure. Siku moja alimkumbatia mama kwa nyuma, akamwambia, "Usikonde tena. Ramani za zamani nimezifuta zote, na sasa sianzii hapa wala siishii hapa. Hata watafute kwa tochi, mlango wetu hauonekani."

"Afadhali," alisema mama, asiulize. Moyoni alicheka. Mtoto amefunga dirisha, mama ameshahamisha mali. Usiku ule alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu aonyeshwe ule mstari.

Juma lile halikuisha. Asubuhi moja mama alirudi kutoka kazini akakuta watu wamejaa uchochoroni. Ndoo ikamponyoka. Akakimbia, yeye ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa msichana, akawapita watu bila hata salamu.

Mlango wake ulikuwa umefungwa, kufuli zima. Ndani vitambaa vipo, viti vipo, hata sufuria ipo palepale chini ya kifuniko chake. Mama akapiga magoti sakafuni.

"Asante, Mungu wangu. Wamekosa."

Binti akaingia mbio, jasho linamtiririka, uso umempauka.

"Mama, ni kwa nesi. Wamekata nondo, yeye akiwa bado zamu hospitali."

Mama akageuza shingo polepole.

"Ndipo nilipokuwa naanzia," binti alinong'ona, machozi yakimlenga. "Getini kwake. Nilisema, nondo zile na kufuli lile, nani atathubutu? Mama, tafadhali, usimwambie."

Mama alikuwa bado amepiga magoti, ila sasa ameshika mguu wa meza.

"Hongera!" ikasema simu mkononi mwa binti. "Leo umevunja rekodi yako!"

Mlangoni akasimama nesi, bado na sare zake za kazi, macho ameyatupa chini.

"Shoga yangu, vyangu nitanunua vingine. Lakini wewe nikutazame kwa jicho gani? Kila jioni ulikuwa unaniletea cherehani yako mwenyewe, mgongoni, ukisema kwangu ndiko salama."