Dadu Iliyoanguka

Nyumba ya marehemu mama yao ilikuwa ndogo mno kugawanywa, na kuiuza hawakutaka. Basi Mwanakombo na mdogo wake Jokha wakakubaliana kuipigia dadu: mwenye namba kubwa aichukue, na dadu ikianguka chini haihesabiwi.

Mwanakombo akapata tano. Moyoni alishahamia.

Jokha, aliyekuwa akibanana na wanawe wanne katika chumba cha kupanga, akatikisa kikombe, akarusha. Dadu ikaviringika, ikadondoka miguuni pake. Mwanakombo akachungulia uvunguni mwa meza, akaziona nukta sita. Akangoja mdogo wake ashangilie.

Jokha aliitazama sana ile dadu, kisha akaiokota.

"Imeanguka, dada. Narudia."

Huyu ndiye yule mtoto aliyembeba mgongoni? Mwanakombo alimkodolea macho kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Jokha akatikisa tena, akakifunika kikombe mezani, dadu ikiwa ndani. Alipotaka kukiinua, Mwanakombo akaulaza mkono wake juu ya wa mdogo wake.

"Ngoja kwanza," alisema.

Mikono yao ikabaki pale, juu ya kikombe, wala hakuna aliyeuondoa wake.