Glavu ya Mkono wa Kulia

Siku hizo hakuna aliyegawiwa kifaa kipya mpaka Ofisi ya Matumizi itabiri kwamba atakitumia kweli, si kukiacha kabatini kijae vumbi. Ofisi hiyo haikuwahi kukosea. Kwa hiyo Nasekile alipokuta kasha mlangoni, alilibeba mbio hadi jikoni.

"Mama, wamekukubali. Glavu imefika."

Mama yake alikuwa amepooza mkono wa kulia tangu apate kiharusi. Nasekile alimvisha ile glavu nyembamba yenye mota. Vidole vilitetemeka, kisha vikakunja ngumi. Mama akaitisha unga. Alikanda, akasukuma chapati kumi na mbili, huku akicheka na kumpiga binti yake kikumbo.

"Nipishe, mwanangu. Jiko limepata mwenyewe."

Nasekile alikula tatu zikiwa za moto, moyo ukimdunda kwa furaha. Alipoinua kasha akalitupe, akaliona bado zito. Chini ya karatasi kulikuwa na glavu ya pili, yenye jina lake. Aliijaribu. Ilimkaa barabara kwenye mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa mzima.

"Hiyo nayo ya nani?" mama aliuliza.

"Ya akiba, mama," akajibu, akiivua taratibu. "Hebu niongezee chapati."