Sare Iliyoshonwa na Fundi Wake

Fundi cherehani alisimama kumkabidhi muuguzi sare yake mpya, na shati lake mwenyewe likainuka pamoja nayo. Alikuwa amevishona pamoja, tena kwa mshono ulionyooka kama rula.

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. "Fundi, nimeagiza sare, sikuagiza na mwenyewe!"

Fundi naye akacheka, huku akiutafuta mkasi aliokuwa ameushika.

Hapo muuguzi akaacha kucheka. "Kaka, unalala?"

"Usiku kucha niko kitandani."

"Sijauliza uko wapi."

Fundi alivitazama vidole vyake, vimejaa matundu ya sindano. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha nyuma, alizoea kumsifu kwa kila mtu kwamba mume wake huamka alfajiri kwa bidii ya kazi.

"Wiki ya sita hii," akasema polepole. "Nafumba macho, usingizi hauji. Mchana nasahau hata majina ya wateja. Nikadhani ni uzee."

"Uzee gani na miaka arobaini? Hilo lina matibabu. Kesho asubuhi njoo kliniki, na wifi uje naye."

"Atanicheka."

"Acha acheke." Muuguzi akauchukua mkasi mkononi mwake. "Sasa tulia, nisikukate tumbo."

Fundi akatulia. Kisha, kabla uzi wa kwanza haujakatwa, akapaza sauti:

"Mama watoto! Hebu njoo uone!"