Pindo la Gauni la Bluu

Tausi aliposimama hatimaye kulijaribu gauni, liliishia magotini. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amelikata lifike kwenye vifundo vya miguu.

"Nilikuita uje ulijaribu," mama alisema, pini midomoni. "Ukasema unakuja, unamaliza mchezo tu."

"Si juzijuzi hapa, mama?"

"Juzijuzi ya wapi? Limening'inia dirishani miaka miwili hilo!"

Tausi akacheka. Yeye aliikumbuka jioni moja tu: mwanga wa skrini, mlima wa mchezoni aliokuwa akiupanda na wenzake, mawingu yakipita chini ya miguu yake, na sauti ya mama ikija kwa mbali, laini, kama redio ya jirani. Kumbe zilikuwa jioni nyingi, zimeungwa bila mshono kuonekana.

Mama alipiga magoti afumue pindo. Alikuwa ameacha akiba ya kitambaa ndani, kama anavyowaachia watoto wote wanaokua. Nyuzi zikakatika polepole. Bluu ikashuka, imekolea, haijawahi kuonwa na jua.

Hapo Tausi akauona utosi wa mama. Ulikuwa mweupe kwa mvi.

Kitandani, wenzake wa mchezoni walikuwa bado wanaita kwenye hedifoni. "Tausi! Tunakufa huku! Uko wapi?"

Tausi akajishusha sakafuni na gauni lake na pini zake, akapiga magoti mpaka akatazamana na mama.

"Nipo," alisema.

Mama, ambaye hakuwa ameuliza kitu, akaanza kutoa pini midomoni, moja moja.