Ncha ya Bawa

Miaka yote Sikudhani aliivuta ndege isiyo na injini kwa trekta, na miaka yote aliipa mgongo. Kwake ilikuwa mzigo, kama tela la majani. Ilisimama kwa gurudumu moja, bawa moja limelala chini, mpaka mtu ashike ncha ya bawa hilo na kutembea nayo sambamba na trekta.

Asubuhi hiyo mshika bawa aliamka na homa. Rubani Mbaruku akapanda trekta mwenyewe.

"Mama, leo bawa ni lako. Usilibane, lisindikize tu."

Sikudhani akalishika kwa mikono miwili, kama usukani. Walipofika katikati ya uwanja, upepo ukawajia usoni na bawa likainuka mikononi mwake. Akalibana kwa nguvu zote. Pua ya ndege ikageuka upande wake, kamba ya trekta ikakaza hadi ikalia.

Mbaruku akafunga breki. "Liachie, mama! Utalivunja!"

"Nikiliachia litaanguka!"

"Liachie."

Akafungua vidole, kimoja baada ya kingine, macho kayafumba. Hakusikia kishindo. Alipoyafumbua, bawa lilikuwa palepale, limenyooka juu ya viganja vyake, likitetemeka kidogo kama ubavu wa ng'ombe anayepumua. Halikuwa limeshikwa na mtu; upepo ndio ulilibeba.

"Tuendelee?" Mbaruku aliuliza.

"Zima trekta kwanza, baba."

Ngurumo ikakatika. Sikudhani akabaki amesimama, mikono wazi, akiisikiliza ndege.